Kondoo wa Kwenye Simu

Nawajua ndama wa mama mkwe wangu kuliko ninavyomjua mama mkwe mwenyewe. Namjua yule mwenye doa jeupe begani, namjua aliyewahi kuota upele sikioni, na ukiwachanganya mnadani na ndama wa watu wengine nitakutolea wote bila kukosea. Lakini uso wa mama mkwe, kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa, nimeuona kwa sekunde nne tu, na sekunde hizo nne ziliniletea balaa.

Anayeshangaa nimweleze. Mimi ni Mwiraqw wa Karatu, mtoto wa wakulima wa ngano na mbaazi. Mke wangu ni Mmasai wa Kakesio, kule ndani ya hifadhi, ambako ukitoka kwetu unapita geti, unazunguka ukingo wa kreta kwenye ukungu, unashuka Endulen, halafu unaendelea kutikiswa mpaka usahau ulichokuwa unakifuata. Kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe hukwepana. Si ugomvi, ni heshima. Mkwe haingii nyumbani kwa mama mkwe, hamkodolei macho, na zaidi ya yote, hawali chakula wakaonana. Nikifika bomani kuna mtu hupaza sauti kwamba nimefika, mama mkwe hujiweka pembeni hadi nipite, nami hupita nimeinamisha kichwa kama mtu aliyepoteza sindano. Wala hatuitani majina. Wakati wa kuoa nilimpa kondoo, kama inavyotakiwa, na tangu hapo yeye ananiita Paker nami namwita Paker, yaani watu waliopeana kondoo.

Shemeji zangu wawili, kaka za mke wangu, hawakuwa na imani na mimi. Yule mkubwa alisema wazi, mbele yangu, kwamba watu wa jembe wanaingia popote na wanakula huku wanatembea, heshima ya wakwe wataiweza wapi. Maneno yale yaliniingia. Mimi nina hasira za karibu, lakini siku ile nilinyamaza, nikaapa moyoni kwamba nitawaonyesha. Kitu nilichokitaka kwa ukoo ule kilikuwa kimoja tu: mama yule asije akajuta hata siku moja kwamba alimtoa binti yake kwa mkulima. Na niliweza. Mwaka wa tisa wa ndoa nililetewa habari kwamba mama mkwe amewaambia wanawake wenzake kisimani kuwa mkwe wake wa Karatu hajawahi kumwona hata kisigino. Nilitembea mjini wiki nzima nimebinua kifua.

Sasa, ugonjwa wangu mwingine ni vifaa. Nina kibanda pale Karatu karibu na soko, nauza chaja, kava, pawa benki, spika ndogo na taa za sola. Mfanyabiashara mwenye akili huuza vitu vyake. Mimi huvijaribu kwanza nyumbani. Nimewahi kuvaa saa inayohesabu hatua. Nikiwa shambani, nimeinama tangu asubuhi napalilia maharage, saa ikanitetemesha mkono na kuniambia ninyanyuke kidogo kwa sababu nimekaa sana. Niliijibu kwa sauti, mpaka jirani akaja kuuliza nagombana na nani. Jioni hiyo hiyo nilipanda bodaboda kutoka Rhotia kwenye barabara ya mashimo, na nilipofika nyumbani saa ikanipongeza kwa kukimbia mbio ndefu kuliko zote za mwezi ule.

Nikaja nikaweka apu ya kutambua mimea. Nikaipiga picha mbaazi ya baba yangu, apu ikasema ni ua la mapambo kutoka ng'ambo. Baba aliguna, akasema basi mwaka huu tutakula mapambo. Wateja nao hawako nyuma. Mzee mmoja alinunua kwangu fimbo ya kupigia selfi, baada ya siku mbili akairudisha kwa hasira, akasema kwa ng'ombe haifai hata kidogo, inajikunja.

Kwa hiyo mama mkwe alipoharibikiwa na kitochi chake, vitufe vimekufa, betri imefungwa kwa mpira, na mke wangu akaamua kwamba sasa mama apate simu kubwa ili awe anawaona wajukuu, mimi nilisema kazi hiyo niachiwe. Nilikaa na simu ile siku mbili. Mama mkwe hasomi, kwa hiyo kila jina nililiwekea picha. Mke wangu nilimwekea picha yake akiwa amebeba mtoto. Shemeji mkubwa nilimwekea pikipiki yake, shemeji mdogo nikamwekea kofia yake nyekundu. Ilipofika zamu yangu nikakwama. Kuweka sura yangu ilikuwa haiwezekani, kila akifungua simu angenikuta nimemkodolea macho. Nikafikiri, nikafikiri, halafu nikacheka peke yangu pale kibandani. Si tumepeana kondoo? Nikaweka picha ya kondoo. Tena nikaiweka namba ya kwanza juu kabisa, kwa majivuno yangu tu, ili simu ikisumbua ajue fundi yuko wapi.

Simu ikapelekwa. Shemeji mdogo, ambaye naye anapenda vitu hivi, akapewa kazi ya kumfundisha mama yake: mchoro wa simu ni wa kuongea, mchoro wa kamera ni wa kuonana. Mtandao pale bomani unashika sehemu moja tu, juu ya kichuguu kilicho jirani na zizi la ndama. Mama mkwe akawa anapanda kichuguu chake asubuhi na saa kumi, anaongea na binti yake, anawaona wajukuu, anashuka. Mwezi ukapita vizuri. Nilikuwa nahakikisha tu kwamba wakipiga video mimi niko nje.

Balaa lilitokea mchana, nikiwa mgahawani. Nilikuwa nimeagiza supu ya mbavu na chapati mbili. Mfupa uko mkononi, nyama iko mdomoni, nayo naitafuna upande wa kushoto kama kawaida yangu, kwa sababu jino la nyuma la kulia lilikuwa limetoboka. Simu ikaita. Sikutazama. Nilibonyeza kwa kidole chenye mafuta, nikidhani ni mteja.

Kwenye skrini pakajaa paji la uso, shanga, na jicho moja. Jicho lile lilikuwa linatazama ndani ya mdomo wangu.

"Kondoo yuko wapi?" sauti ikauliza kwa Kimasai.

Baadaye nilielewa. Mama wa watu alikuwa amemwona kondoo mzuri pale juu ya orodha, na kwa mwezi mzima alikuwa anajiuliza yule kondoo ana mkia wa mafuta au hana, maana picha ilikuwa imekatwa nyuma. Akabonyeza mchoro wa kamera ili amwone vizuri. Lakini wakati ule sikuelewa chochote. Nilimwona akinyanyua kichwa, uso ukakamilika, macho mawili, pua, mdomo umeachama, na nikajua huyu ni nani. Naye akajua. Akapiga ukelele. Mimi nikachukua chapati nikaifunika simu.

Watu wa meza ya jirani waliacha kula. Chini ya chapati ilisikika vurugu, mtu anashuka kichuguu mbio, ndama analia, kisha mtandao ukakata wenyewe. Mfupa ulikuwa bado uko mkononi mwangu. Niliuweka kwenye sahani polepole, nikalipa, nikaondoka bila kumaliza supu.

Mke wangu alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka ghafla.

"Alikuona unakula?"

"Nilikuwa natafuna."

"Mfupa ulikuwa mkononi?"

"Ulikuwa mkononi."

"Mungu wangu," akasema.

Usiku ule sikulala vizuri, nakiri. Miaka tisa ya kuinamisha kichwa, na yote imeondoka kwa kidole kimoja chenye mafuta. Nilijua shemeji mkubwa atasema nini, na kilichoniuma zaidi ni kwamba mara hii angekuwa na haki ya kusema. Siku ya tatu nikafunga kibanda, nikanunua sukari, majani ya chai, ugoro wa baba mkwe na blanketi, nikaenda Kakesio na mke wangu.

Wanaume tulikaa nje, karibu na mlango wa boma. Baba mkwe alikuwa kwenye kigoda chake, shemeji zangu mmoja kila upande. Ndani ya nyumba iliyokuwa nyuma yetu alikuwa mama mkwe na mke wangu, na ukuta wa nyumba zile hauzuii neno.

"Nilisema tangu mwanzo," shemeji mkubwa akaanza. "Watu wa jembe."

Shemeji mdogo akatoa kitambulisho chake mfukoni. "Hii ni picha yangu. Ilipopotea siku ile, mama mkwe wangu ndiye aliyeiokota, akaishika mkononi, akaitazama, akamtuma mtu aniletee. Mlisema aliniona? Hamkusema. Picha si mtu."

"Hiyo picha yako ilikuwa inatafuna?"

Shemeji mdogo akakitazama kitambulisho, akakirudisha mfukoni.

Baba mkwe akanigeukia. Akaniuliza kama nilimwona mama, nikasema nilimwona. Akauliza kama nilifanya kusudi, nikasema nife papo hapo kama nilifanya kusudi. Akauliza niliona nini hasa, nikasema niliona jicho, kisha nikaona mengine, kisha nikafunika kwa chapati.

"Kwa chapati?"

"Ndiyo, baba."

Midomo yake ikatikisika kidogo, lakini akajizuia. Akauliza kwa sauti, akiwa bado ananitazama mimi, kama kuna mtu ndani mwenye neno. Kisha tukasikia mama mkwe akimnong'oneza binti yake, na mke wangu akapaza sauti kutoka ndani:

"Mama anasema mkwe wake anatafuna upande mmoja. Jino la kulia limeoza. Aende akang'olewe."

Baba mkwe alishindwa. Alicheka mpaka ugoro ukampalia, shemeji mdogo akampigapiga mgongoni, na hata shemeji mkubwa akageuka pembeni kwa kisingizio cha kufukuza mbuzi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Lakini ndani ya aibu ile kulikuwa na kitu kingine, kitu cha joto, na sikukielewa vizuri wakati ule. Mimi katika zile sekunde nne nilikuwa nimeona balaa. Yeye alikuwa ameona jino.

Baba mkwe alipopata pumzi alisema kosa halipo kwa sababu kusudi halipo, ila simu ile ni mlango ambao hauna mtu wa kupaza sauti kwamba mkwe anapita. "Wewe si ndiye fundi wa hivi vidude?" akaniambia. "Weka kitu hapo katikati."

Nilijaribu plasta kwanza. Nikaibandika kwenye kamera ya mbele ya simu ya mama mkwe, wajukuu wakaanza kulia kwamba bibi amekuwa giza. Tukaibandua. Nikasema basi mimi na yeye tusipigiane kabisa, lakini mama mkwe mwenyewe akakataa kupitia ukutani. Simu ikiharibika atampigia nani, pikipiki? Ndipo shemeji mdogo akakumbuka kwamba kwenye simu yake ana apu ya vichekesho inayokuvalisha uso wa mnyama. Akatuonyesha. Akawa paka, akawa sungura, akapekua akapekua, akafika kwa kondoo.

Tulitazamana sote.

Baba mkwe akataka ajaribu yeye. Akashikiwa simu mbele ya uso wake, na pale kwenye skrini akatokea kondoo mwenye makunyanzi na ndewe za masikio zinazoning'inia, akifungua mdomo kila baba mkwe alipofungua wake. Mzee alisema maneno mawili matatu kwa sauti ya kondoo. Alicheka tena, akakohoa tena. Kisha akafuta macho kwa pembe ya shuka, akatoa uamuzi: mama mkwe ataigeuzia kamera zizi la ndama, mkwe atavaa kondoo, na kama kondoo anaongea na ndama hakuna mtu aliyemwona mtu. Shemeji mkubwa akaenda tena kufukuza mbuzi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuongea na mama mkwe wangu, mimi ambaye kwa miaka tisa nilikuwa nimemsikia akikohoa tu. Kimasai changu ni cha kuokoteza na Kiswahili chake ni cha mnadani, lakini tulikutana katikati. Mwanzoni ilikuwa ni simu tu, mara sauti imepotea, mara bando limekwisha. Halafu akaanza kuniuliza habari za ngano. Halafu akaanza kuniuliza kama binti yake bado anakasirika haraka, nikasema bado, akasema alivyokuwa mdogo aliwahi kuligomea kundi zima la mbuzi. Mke wangu alikuwa hajaniambia habari ile na hakufurahi kwamba naijua.

Siku moja nilimsomea apu ya hali ya hewa. Nilimwambia kwa kiburi kwamba Kakesio kesho kuna mvua asilimia arobaini.

"Asilimia arobaini ya nani?" akauliza.

Nilijaribu kueleza, nikazama. Akaniambia nimwulize mwenye apu hiyo mvua ya kwake itaanguka upande gani wa boma, ili ajue pa kuwapeleka ndama. Tangu siku ile kila nikitaja apu yoyote yeye huuliza, "Na huyo naye anasema asilimia ngapi?"

Kondoo naye alikuwa na tabu zake. Mimi nimezoea kuinamisha kichwa nikiwa naye, na kichwa kikiinama apu inapoteza uso, kondoo anadondoka, kinabaki kipara changu. Ili niwe na heshima ilinibidi niitazame kamera moja kwa moja, macho makavu, jambo ambalo bila kondoo ni utovu wa heshima mtupu. Nilichukua miezi kulizoea. Hata leo shingo yangu inataka kuinama nikisikia sauti yake.

Na kila mwisho wa maongezi, kabla hajashuka kichuguu, aliuliza neno moja. "Jino?"

"Limepoa," nilijibu kila mara.

Lilikuwa halijapoa. Mimi ni mwoga wa koleo, tangu utotoni, na niliona bora nitafune kushoto mpaka kufa. Kondoo ana uzuri wake: ukidanganya, uso haubadiliki.

Mwaka huu, tukiwa katikati ya kuvuna ngano, jino likaamua lenyewe. Shavu lilivimba kwa siku mbili likawa kubwa kuliko ngumi yangu, jicho la kulia likabaki mstari. Mke wangu alinipeleka hospitali kwa nguvu, likang'olewa, usaha ukatolewa, nikapewa dawa za kumeza baada ya kula. Kasheshe ni hapo kwenye kula. Nilikuwa naogopa. Kila kijiko kikikaribia mdomo nilikuwa namwona yule daktari na mikono yake. Siku ya kwanza sikula, ya pili sikula, dawa nikimeza kwa maji tumbo linazitapika. Siku ya nne mke wangu alipika uji wa ulezi kwa maziwa, akauweka pembeni ya kitanda, akabembeleza, akafoka, mwishoni akatoka nje na simu yake. Nilimsikia sauti inavyotetemeka. Alikuwa anamwambia mama yake kwamba nimekonda, homa haishuki, na hajui afanye nini na mimi.

Muda si mrefu simu yangu ikaita. Saa kumi kamili, saa ya kichuguu. Nikajikokota nikakaa, nikawasha kondoo kwanza kabla ya kupokea. Masikio yakatokea, yakazungukazunguka kwenye skrini yakitafuta pa kukaa, yakapotea. Nikajaribu tena. Apu ikaandika kwamba haioni uso. Nilijitazama pale kwenye skrini, nikaikubalia. Hata mimi nisingesema ule ni uso.

Simu haikuacha kuita. Nikaigeuza ikatazama ukuta, nikapokea.

"Paker, takwenya," nikasalimia kwa nusu mdomo.

"Iko," akaitikia salamu kwa Kimasai. Kisha: "Naona kalenda."

"Kondoo hakubali kukaa, Paker. Uso umevimba."

Kwenye skrini yangu alikuwepo ndama mwenye doa begani, na mkono wa mama mkwe juu ya shingo yake, na bangili za shanga.

"Geuza simu," akasema.

"Haifai, Paker."

"Geuza."

Sikugeuza. Nilikuwa na homa, lakini akili ilikuwepo. Nilimfikiria shemeji mkubwa, nikafikiria wale wanawake wa kisimani, na kile kitu kimoja nilichokuwa nimekilinda kwa miaka kumi na mmoja. Nikamwambia kwamba nikipona nitavaa kondoo vizuri na tutaongea.

"Mtoto mgonjwa anaangaliwa kwa kalenda?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imekatika katikati. "Wewe huwezi kuniona. Mimi nipo nyuma ya ndama, sitoki. Geuza nikuone."

Nikageuza.

Mkono uliokuwa unampapasa ndama ulisimama. Nilitaka kuinamisha kichwa lakini shavu halikuruhusu, nikabaki namtazama ndama, naye ndama ananitazama.

"Ni lile jino," akasema.

"Ni lile."

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya, Paker."

"Ukiwa kondoo."

"Nikiwa kondoo."

Akavuta pumzi ndefu. "Uji uko wapi?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia uji upo hapa, lakini nitakunywa tukimaliza, nikishakata simu. Akasema nikikata simu atapanda gari la mnada kesho asubuhi aje kusimama dirishani kwangu mbele ya mji mzima wa Karatu, tuone kipi ni aibu zaidi. Mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliingia, akaiegemeza simu kwenye redio, akanipa kikombe na kijiko, akatoka bila kunitazama.

"Upande wa kushoto," mama mkwe akasema. "Polepole."

Nikanywa. Kijiko cha kwanza kilikuwa kizito kuliko gunia la ngano. Aliyeniona natafuna kwa bahati mbaya, sasa alikuwa ananihesabia vijiko. Cha pili. Cha tatu. Machozi yalinitoka, na siyo ya jino, na sikuwa na kondoo wa kunificha. Aliyaona. Hakuyasema. Alinisimulia tu, huku nanywa, habari za ndama, kwamba huyu mwenye doa amekuwa mlafi, na kwamba mvua ya jana ilinyesha upande wa pili wa boma, na hakuna apu iliyosema.

Homa ilikuwa bado ipo, lakini tumbo lilipokea. Nilipofika karibu na mwisho nilipumzika, nikamwuliza lile lililokuwa linanisumbua. "Paker, baba mkwe akiuliza nimwambie nini?"

"Mwambie kondoo amekula."

Nikacheka, shavu likauma, nikaacha kucheka.

"Sasa nionyeshe kikombe," akasema.

Nikakigeuza kikombe nikakiinamisha mbele ya kamera. Kwenye skrini yangu ndama alikuwa anatafuna kitu, na ule mkono ulikuwa umeanza tena kumpapasa shingoni.

"Kuna uliobaki pembeni," akasema.

Nikachukua kijiko nikakwangua.